Uzi wa video za kuunda bunduki za gumegume kwa mkono na maisha ya mipakani (walowezi wa mwanzo porini) Marekani ya kale, wapenda ufundi tukutane hapa

RandaNaPatasi aliandika:

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nimeuwaza mwezi mzima, leo nimeamua kuushusha. Ni mrefu, mwenye haraka aje usiku akiwa ametulia.

Mimi ni seremala, nipo Mafinga, kazi zangu ni milango, makabati na vitanda. Masika hii umeme ulisumbua sana, mashine hazizunguki, nikawa nashinda karakana na simu mkononi natafuta video ya kunoa patasi. YouTube ikanitupa kwa jamaa mmoja kavaa nguo za karne ya 18, yuko mbele ya moto wa mkaa, anapiga chuma kwenye fuawe. Nikasema ngoja nichungulie dakika mbili. Nikaangalia karibu saa nzima, bando likaisha, nikanunua lingine nikairudia.

Kumbe ile ni filamu ya mwaka 1969, inaitwa Gunsmith of Williamsburg. Jamaa ni Wallace Gusler, alikuwa fundi bunduki wa Colonial Williamsburg kule Virginia, ni mji mzima wa makumbusho ambao mafundi wanafanya kazi kama zilivyofanywa enzi za ukoloni wa Mwingereza, mhunzi, seremala, fundi viatu, mpiga chapa, wote wapo. Kwenye hiyo filamu Gusler anaunda bunduki moja ndefu kuanzia chuma kibichi mpaka inapiga shabaha. Na muelewe kwamba wakati huo kazi ya kuunda bunduki nzima kwa vifaa vya zamani ilikuwa imeshakatika. Watu walikuwa wananunua mtutu wa kiwandani wanauvalisha mti. Yeye ikabidi arudi kwenye bunduki kuukuu zenyewe, asome alama za tupa na patasi zilizobaki ndani ya mti, ajue yule fundi wa zamani alishika kifaa gani na alikisukuma kuelekea wapi.

Sasa ngoja nieleze kilichonishika. Mtutu. Mimi maisha yangu yote nilidhani mtutu ni chuma kinachotobolewa. Hapana. Anachukua bapa refu la chuma laini, analikunja taratibu kuzunguka fimbo ya chuma, halafu anaanza kuliunga kwa moto, anatia boraksi ili uchafu utoke, anapasha mpaka chuma kinakuwa cheupe kinakaribia kutoa cheche, anachomoa, anapiga haraka, inchi chache tu zinashikana, anarudisha motoni. Inchi chache. Tena. Tena. Na anaanzia katikati kwenda mwisho mmoja, kisha anageukia upande wa pili. Bunduki zile zilikuwa na mitutu ya inchi 40 na zaidi, ni zaidi ya mita moja jamani, na sehemu moja tu ikikosa kushika basi siku baruti itakapowaka hapo ndipo patapasuka, karibu na uso wa mtu.

Akimaliza kuunga bado ndani ni kubaya kama bomba la kutu, anapitisha keekee za kupanulia moja baada ya nyingine. Kisha ndio anachonga mifuo ya ndani, ile inayoizungusha risasi ili iende moja kwa moja. Hapa ndio nilisimamisha video. Mashine ya kuchonga mifuo ni ya MTI. Gogo la duara lenye mifereji iliyojipinda, likivutwa linazunguka, na kijino kidogo cha chuma kilichofungwa kwenye fimbo kinazunguka nalo ndani ya mtutu kikikwangua. Kila mkwaruzo unatoa unga tu wa chuma. Akitaka kina kiongezeke anaweka kipande cha karatasi chini ya kile kijino. Karatasi wakuu! Karatasi moja, anapitisha mfereji hadi mfereji, anaongeza karatasi ya pili. Mtu anapima chuma kwa unene wa karatasi miaka 250 iliyopita, na sisi tuna rula za kidijitali na mlango bado unagoma kufunga.

Jambo la pili, kuukalisha mtutu kwenye mti. Mti wao ni mepo (maple) wenye mawimbi, ukiupiga jua unaonekana kama maji yanatembea. Mtutu una pembe nane na unatakiwa ulale ndani ya mti bila uwazi hata wa unywele. Wanafanyaje? Wanapaka mtutu masizi ya taa, wanaulaza, wanaubonyeza, wanautoa. Pale penye alama nyeusi ndipo mti unapogusa, wanakwangua hapo tu, wanalaza tena. Marehemu babu alikuwa anatumia masizi ya koroboi hivyohivyo akivalisha mpini wa jembe, na mimi nilikuwa nadhani ni ujanja wake wa kijijini kwa sababu hana vifaa.

Ndio maana nashusha uzi. Nimeangalia nyingi baada ya hapo na nimeona tofauti ya video inayofundisha na video inayojionyesha. Inayofundisha kamera inakaa kwenye mkono. Fundi akikosea unaona. Kuna mtu mmoja alivunja springi mbele ya kamera akaokota vipande akaonyesha ule mvunjiko, akasema ona punje zake ni kubwa, niliipasha kupita kiasi. Dakika hiyo moja imenifundisha kuliko video kumi zenye muziki na kukatwakatwa.

Karibuni, kama mna chaneli nyingine au maswali tujadili.

Mama_Zuhura aliandika:

Shukrani kaka, nimesoma yote. Naomba nieleweshwe kitu kimoja, gumegume na gobole ni kitu kimoja? Kwetu wazee wakisema gobole ni ile ya kushindilia kwa mbele.

RandaNaPatasi aliandika:

Dada Zuhura swali zuri. Gobole ni bunduki yoyote ya kushindilia baruti na risasi kwa mdomo wa mtutu. Gumegume ni namna ya kuwasha. Gumegume lenyewe ni jina la jiwe, lile gumu la kutoa cheche, ndio bunduki ikaitwa bunduki ya gumegume. Baadaye zikaja za fataki, kijikofia kidogo cha shaba unakigonga kinalipuka. Kwa hiyo gobole linaweza kuwa la gumegume au la fataki. Kiswahili kina jina hilo kwa sababu silaha hizi zilipita pwani yetu kwa wingi enzi za misafara ya karne ya 19.

Mtambo wake nauelezea kidogo maana ndio roho ya kitu. Kuna taya mbili zinabana jiwe, jiwe limefungwa kipande cha ngozi lisiteleze. Mbele yake kuna bamba la chuma limesimama. Ukivuta kifyatulio springi inalirusha jiwe linalikwangua lile bamba, bamba linafunguka nyuma na cheche zinadondoka kwenye kisahani chenye baruti kidogo, moto unapenya tundu dogo ubavuni mwa mtutu. Mtambo wa muundo huu uliokamilika unahusishwa na Mfaransa Marin le Bourgeoys mwanzoni mwa miaka ya 1600, na ulidumu miaka 200 hivi ukiwa ndio silaha ya dunia.

Na watu wengi wanadhani cheche ni ya jiwe. Ni ya chuma! Jiwe lina makali, linanyoa vipande vidogo sana vya chuma, na vile vipande vinawaka vyenyewe hewani. Ndio maana lile bamba lazima liwe gumu kweli. Likiwa laini jiwe linachimba tu, hutapata cheche hata upige mpaka kesho. Mafundi walikuwa wanalifungia ndani ya kisanduku pamoja na mkaa wa mifupa na ngozi, wanalipasha masaa, kaboni inaingia kwenye ngozi ya chuma, kisha wanalizamisha kwenye maji.

Kigogo_Kimya aliandika:

Mkuu ufundi ni mzuri ila tuwe waangalifu, vijana wanasoma hapa. Kutengeneza silaha bila kibali nchini ni kosa, na magobole ndiyo yanamaliza wanyama kwenye hifadhi. Usije ukaingia matatizoni.

RandaNaPatasi aliandika:

Uko sahihi kabisa mkuu na nashukuru umelisema. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ipo na mimi sina mpango wa kuunda bunduki, na nisingependa mtu yeyote humu ajaribu. Kule Marekani sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inaziweka silaha za kale na nakala za gumegume kando na bunduki za kawaida, ndio maana mtu anaweza kuunda yake kwenye karakana ya nyumbani na kuionyesha. Huku ni tofauti. Mimi ninachotaka ni kile kilicho ndani yake, yaani kuunga chuma, kupika springi, kulaza chuma kwenye mti, kuchonga maua kwa patasi ndogo. Hivyo vyote vinaingia kwenye kitasa, kwenye bawaba, kwenye kisu cha jikoni.

Bukavu_Lexington aliandika:

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa Bukavu lakini sasa miaka sita naishi Lexington, Kentucky, huku tuko wengi wa kutoka Kongo, hata kwenye duka utasikia Kiswahili. Nimefurahi sana kuona uzi huu sababu nilikuwa najua mimi peke yangu ndiye napenda mambo haya.

Ninyi mnaona kwenye simu, mimi niko karibu na mahali penyewe. Mwenzangu wa kazini, mzee mmoja Mmarekani, alinipeleka Fort Boonesborough, si mbali na hapa. Daniel Boone, yule mwindaji maarufu wa walowezi, alikuja pale mwaka 1775 akifungua ile njia ya kupita Cumberland Gap, mwanya wa milimani. Ngome yenyewe ya zamani haipo, hii ni ya kujengwa upya, lakini ndani kuna watu wanafanya kazi za mikono mbele yako, wanasokota uzi, wanachovya mishumaa, wanapiga chuma. Nilisimama kwa yule wa chuma mpaka watoto wangu wakalia njaa.

Kitu nilikishika mkononi ni pembe ya baruti. Ni pembe ya ng'ombe tu, kama zile kwetu zinatupwa kwenye machinjio. Wanaichemsha ili iwe laini, wanaziba nyuma kwa kizibo cha mti, mbele wanatoboa tundu la kumwagia, kisha wanaikwangua nje kwa kioo ama kisu hadi ukiinua kwa jua unaona baruti ndani imefika wapi. Hiyo ndiyo geji yake. Halafu wanachora juu, ramani ya mito, jina la mwenye nayo, meli, wanyama, wanapaka masizi kwenye michoro na kufuta.

Pia kama unatafuta video, tafuta Hershel House, wa Woodbury hapahapa Kentucky. Huyo alirekodiwa kwenye mikanda ya kufundisha tangu enzi za kaseti, anaunda bunduki kwenye kibanda chake, na yeye haongei sana, anafanya. Na kuna chama cha wapenda bunduki za kushindilia, kilianza 1933, makao yao Friendship, jimbo la Indiana, watu wanakuja na mahema, wengine wanavaa kama zamani.

RandaNaPatasi aliandika:

Ndugu wa Bukavu umenifurahisha sana, umeshika pembe yenyewe! Hershel House nimemwona, ndiye nilikuwa nataka kumsema. Kazi yake haijang'arishwa kupita kiasi, chuma kinabaki na alama za nyundo, mti una rangi ya kitu kilichotumika. Zile bunduki za mwanzo zilitoka kwa mafundi Wajerumani wa Pennsylvania, maeneo kama Lancaster, walikuja na bunduki fupi nene za kuwindia kwao Ulaya, wakifika huku zikaanza kurefuka na kuwa nyembamba, tundu likapungua ili kilo moja ya madini ya risasi itoe risasi nyingi zaidi za kupiga. Mtu anayeondoka miezi kadhaa porini risasi anabeba mgongoni, kwa hiyo umbo lote lile zuri unaloliona lina sababu.

Hasara yake ni kwamba ilikuwa inachelewa kushindilia. Askari mwenye bunduki ya kawaida isiyo na mifuo alipiga mara tatu kwa dakika, huyu wa mifuo mara moja hivi, kwa sababu risasi imevishwa kitambaa chenye mafuta na lazima ibane.

BintiUsangi aliandika:

Mimi bunduki hazinihusu ila hizo za maisha naziangalia sana. Kuna chaneli ya Townsends ya Indiana, wanapika chakula cha miaka ya 1700 kwenye jiko la kuni na wamejenga nyumba ya magogo kwa shoka. Nilichopenda ni mahindi. Wale wawindaji walikuwa wanakaanga mahindi makavu kwenye majivu ya moto au chungu, wanayasaga unga, wanaweka kwenye mfuko mdogo, njiani wanakula kijiko kimoja na maji mengi, kinavimba tumboni kinashiba. Bibi yangu alitutengenezea unga wa hivyo tukienda shamba la mbali!

Na ngozi. Wanalainisha ngozi ya paa kwa UBONGO. Wanasema kila mnyama ana ubongo wa kutosha ngozi yake. Ngozi inakwanguliwa manyoya na utando, inasuguliwa ubongo uliopondwa kwenye maji ya uvuguvugu, halafu kazi ni kuivuta, kuivuta, kuivuta mpaka ikauke mkononi, ukipumzika kabla haijakauka inakuwa ubao na unaanza upya. Mwisho inaanikwa juu ya moshi wa mti uliooza, bila moshi ikilowa tu inakakamaa. Yule dada kwenye video mikono ilikuwa inatetemeka na hakukata hicho kipande.

Mtazamo_Wangu aliandika:

Wakuu mimi nina hoja. Hizo zinaitwa stadi za mipakani, mpaka wa nani? Ile ardhi ilikuwa na watu. Boone anapewa sifa ya kufungua njia wakati Washawnee walikuwa wanawinda pale. Na hiyo ngozi ya ubongo, viatu vya mokasini, unga wa mahindi, hivyo si vya walowezi, walifundishwa na wenyeji. Video nyingi hazisemi.

RandaNaPatasi aliandika:

Mtazamo hoja yako naipokea yote. Machi 1775 kampuni ya walanguzi wa ardhi ilikaa na wazee wa Kicherokee pale Sycamore Shoals wakanunua eneo kubwa la Kentucky kwa bidhaa, na Dragging Canoe, kijana wa kiongozi mmoja, alipinga palepale. Washawnee hawakuwemo hata kwenye kikao na ndio waliokuwa wanawinda huko. Kwa hiyo damu ipo kwenye hadithi hii na mwenye kufundisha akiificha anafundisha nusu. Ninazozipenda zaidi ni zile ambazo mtu akishika ngozi anataja ilitoka kwa nani. Na wenyeji nao walibeba bunduki hizohizo, walijua kuchagua nzuri na walidai mafundi wa kuzitengeneza karibu na vijiji vyao.

Mjukuu_wa_Mhunzi aliandika:

Naongezea kitu kinachofanana. Kwetu Kagera miaka ya 1970 watafiti walikuja wakawakuta wazee wa Kihaya ambao walifua chuma ujanani, tanuru zilikuwa zimezimika miongo mingi kwa sababu ya chuma cha dukani. Wale wazee wakakaa wakakumbushana, wakajenga tanuru upya, mara ya kwanza haikwenda vizuri, wakarekebisha, chuma kikatoka. Ilipigwa picha na kuandikwa. Kama wangechelewa miaka 15 wasingemkuta hata mmoja. Huyo Gusler yeye alibaki na vitu bila watu, ikabidi aviulize vitu.

RandaNaPatasi aliandika:

Mkuu hiyo ya kuviuliza vitu imenikaa. Babu yangu alikuwa na mvukuto wa ngozi ya mbuzi wa mikono miwili, nilikuwa nauendesha nikiwa darasa la tatu. Alifariki, mvukuto ukaliwa na panya, na hakuna hata picha moja ya mkono wake ukiwa kazini. Ninalo koleo lake tu. Nimelitazama juzi kwa macho mapya, kwenye taya kuna alama za tupa zinaelekea upande mmoja, alikuwa anashikilia tupa kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo hata mama alikuwa amesahau mpaka nilipomuuliza.

Kijana_wa_Jiliwa aliandika:

Kaka sasa wewe mwenyewe umejaribu nini mpaka sasa? Tupe mrejesho.

RandaNaPatasi aliandika:

Nimejaribu chuma cha kuwashia moto, kile cha kushika mkononi unagonga na jiwe. Nilichukua tupa kuukuu, nikaipasha rangi ya machungwa, nikaikunja kama herufi C, nikaizamisha kwenye maji ya baridi. Ikalia tik. Ufa kutoka ukingo hadi ukingo, chuma cha tupa kina kaboni nyingi na nilikizamisha kikiwa cha moto mno. Ya pili nikaondoa meno yote kwanza kwa jiwe la kunolea kwa sababu nilisikia kila jino ni mwanzo wa ufa, nikaipasha mpaka sumaku ikaacha kuishika, maji ya vuguvugu, ikatoka nzima. Tupa mpya nikiipitisha juu inateleza kama kwenye kioo.

Kitambaa cha kudakia cheche nilitumia kanga ya zamani ya pamba tupu, nikaifungia kwenye kopo la kiwi lenye tundu dogo, nikaliweka kwenye makaa mpaka moshi ukaacha kutoka. Inabaki nyeusi laini. Jiwe ni lile jeupe gumu la mtoni, nimelivunja nikapata makali.

Mara kama thelathini hakuna kitu. Mke wangu akaja akasimama mlangoni, akasema unagonga kama unapigilia msumari, nyoa. Nikageuza mkono nikawa nanyoa kwenda chini. Cheche moja ikatua kwenye kanga ikawa doa jekundu linatambaa taratibu, nikaliweka kwenye nyuzi za katani nikapuliza, moto.

Kijana_wa_Jiliwa aliandika:

Aisee! Tupa ya inchi ngapi? Ninayo ya inchi 10 ya bapa imekwisha meno.

RandaNaPatasi aliandika:

Hiyohiyo inatosha, yangu ilikuwa ya 8. Saga meno yote, usibakize hata ya ukingoni. Na safari hii weka simu juu ya kopo ielekee mkononi, iache irekodi tangu unapowasha mkaa, hata ikipasuka usifute.